Kujiuzulu si ukarabati

Saa 10:51 jioni ya Agosti 15, 2017, sehemu kubwa ya Taiwan ilizimika. Mafundi wa mkandarasi walikuwa wakibadilisha kifaa kinachoupa umeme mfumo wa kuongozea valvu za gesi katika kituo cha umeme cha Datan, pwani ya Taoyuan. Kabla ya kuanza kazi hawakuuhamisha mfumo huo uongozwe kwa mkono. Valvu mbili zikajifunga zenyewe, zikakaa hivyo kama dakika mbili, kisha zikafunguka.

Dakika hizo zilitosha. Makaa ya mawe hulundikwa uani yakasubiri tanuru, gesi haisubiri. Presha ikishuka kwenye bomba, mtambo unazima papo hapo. Mitambo sita ya Datan ilizima kwa mkupuo, megawati zaidi ya 4,000 zikatoweka kwenye gridi, na kaya takriban milioni 6 zikaonja giza. Watu walinasa kwenye lifti na mgawo wa zamu ukaendelea hadi saa tatu na ushee usiku.

Usiku huohuo Waziri wa Uchumi, Lee Chih-kung, alijiuzulu. Rais Tsai Ing-wen aliomba radhi. Siku chache baadaye mwenyekiti wa CPC, shirika la serikali la mafuta na gesi, naye akang'atuka. Ni uungwana, na kwetu viongozi wa namna hiyo ni wa kutafutwa kwa tochi. Lakini kujiuzulu kwao kulifunika kombe.

Tunasema hivi: katika mlolongo wote ule, kosa la fundi ndilo dogo kuliko yote. Wiki mbili tu kabla, kimbunga Nesat kiliangusha mnara wa njia ya umeme wa kituo cha Heping, pwani ya mashariki. Akiba ya umeme ilikuwa finyu kiasi kwamba ofisi za serikali ziliamriwa kuzima viyoyozi mchana, katikati ya joto la Agosti. Katika hali hiyo kuna bosi aliyeruhusu lango la gesi la kituo kikubwa kiasi hicho lifunguliwe na kuchokonolewa wakati mitambo inafua umeme. Na kabla yake wapo waliobuni mfumo ambao mitambo sita inategemea lango moja. Hao ndio wenye hatia.

Yaliyofuata yanathibitisha. Mei 13, 2021, kosa la mtu mmoja katika kituo cha kupozea umeme kusini mwa kisiwa liliangusha mitambo ya kituo cha umeme cha Hsinta. Machi 3, 2022, Hsinta tena, wakati wa matengenezo. Mamilioni wakakosa umeme, na mwenyekiti wa shirika la umeme, Taipower, akaachia ngazi. Mabosi wanabadilika, desturi ya kazi inabaki.

Sasa mzigo umeongezeka. Mei 17, 2025, Taiwan ilizima kinu chake cha mwisho cha nyuklia. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake unatokana na gesi iletwayo kwa meli, akiba ya ghalani ni ya kama siku 11, na hakuna waya hata mmoja unaokiunganisha kisiwa na jirani yeyote. Hatuipingi gesi, moshi wa makaa ya mawe Wataiwani wameuvuta vya kutosha. Tunachopinga ni kuiongeza gesi bila kuongeza njia ya kujiokoa inapokatika.

Wakazi wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa haya. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 waliishi kwa jenereta na mishumaa kwa sababu njia pekee ya umeme kutoka Bara iliharibika. Waya mpya wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulizinduliwa mwaka 2013, baada ya watu kuumia.

Serikali ya Taipei ipige marufuku kazi yoyote kwenye malango ya gesi na swichi kuu wakati akiba ya umeme iko chini. Kila kundi la mitambo lipewe njia yake ya gesi, hata kama gharama itapandisha bili. Na kibali cha matengenezo kibebe sahihi ya bosi mwenye mamlaka ya kuyazuia, ili likitokea la kutokea aulizwe yeye, si fundi mwenye bisibisi mkononi.