Mkanda wa Bodi Usifungwe kwa Mguu wa Mtalii Aliyeondoka Jana

Wacha niseme hili hata kama kuna watu wa ufuo watanuna. Zile bodi za tanga tunazokodisha hapa Diani, mikanda ya kuingiza miguu iko vile alivyoiacha mtu wa mwisho. Na ukiomba irekebishwe unaonekana mjuaji.

Msimu wa kusi uliopita nilipewa bodi iliyotoka kwa mzungu wa futi sita, mguu kama mtumbwi. Mimi navaa saizi 40. Nikauliza, "Kaka, huu mkanda haukazwi?" Akanijibu, "Ingia tu, utazoea." Nikaingia. Mguu wa nyuma ukapenya mpaka kwenye kifundo. Upepo ukashika, tanga likanivuta mbele, mwili wote ukaenda na mguu ukabaki. Nilichechemea wiki tatu, mama akinikanda na maji ya chumvi huku akiuliza bahari nimeikosea nini.

Sasa niambieni, kifundo kinazoea nini?

Mkanda uliolegea ni mtego, bana. Ukianguka, bodi inageukia huku, wewe unaenda kule, katikati ni kifundo na goti. Na uliokaza sana nao ni shida: unaingiza ncha za vidole tu, huwezi kukandamiza kisigino wala kuinua ukingo kwa vidole, basi bodi inakuendesha wewe. Kipimo hakihitaji cheti. Ukiwa bado mchangani, ingiza mguu. Vidole vichungulie upande wa pili, mkanda ulale juu ya mgongo wa mguu, na uweze kuuchomoa mara moja. Na kama unavaa viatu vya mpira kwa sababu ya ile miiba ya kwenye miamba, pima ukiwa navyo. Kiatu kinaongeza unene, wengi hawakumbuki.

Kukaza kwenyewe? Unafungua kile kifuniko laini, ndani kuna velkro, unavuta, unafunika. Dakika moja kwa kila mkanda, manze.

Kuna wanaoniambia skrubu zikifunguliwa kila siku matundu yanakwisha. Ni kweli, na bodi ni ghali. Lakini velkro haihitaji bisibisi! Skrubu ni za kuhamisha mkanda kutoka tundu hadi tundu, na hapo pia nina neno. Mikanda ikiwekwa nyuma kabisa na ukingoni, hiyo ni ya mtu wa mbio, anayetaka kulikandamiza pezi akiwa kasi. Anayejifunza anatakiwa awekewe mbele kidogo na karibu na katikati, aifikie bila bodi kupinduka. Ambaye hajaanza kuteleza juu ya maji mwondolee kabisa, atajikwaa bure. Walimu wazuri hufanya hivyo, nawapa heshima yao.

Hii mikanda haikuwekwa kwa urembo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Hawaii, kina Larry Stanley waliiweka kwa sababu walikuwa wakiruka mawimbi na bodi inawaponyoka miguuni. Yaani kazi yake ni mguu na bodi vishikane. Mguu gani? Ule ulio juu ya bodi siku hiyo!

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mtalii akifika, nimeona kwa macho yangu, anapimiwa mguu bila kuomba. Kijana wa Ukunda aliyeweka akiba mwezi mzima apate saa moja ya Jumapili anapewa bodi na "utazoea." Bei ni ileile, wasee. Na huyo kijana ndiye mnasema mnataka awe mwalimu kesho.

Mimi siku hizi natembea na bisibisi ya nyota kwenye mfuko wa kikoi. Jumamosi iliyopita jamaa wa bodi aliniona nikiitoa akauliza, "Unataka kuniharibia mali?" Nikamwonyesha kifundo. Akaishika bisibisi mwenyewe, akakaza.

Dakika mbili. Nilihesabu.