Nani aliye mgumba?

Nyumba isiyo na mtoto haikosi wasemaji. Wifi atauliza, mama mkwe atauliza, hata jirani aliyekuja kuomba moto. Wote humwuliza mke. Mume hapana amwulizaye.

Yafaa tukumbuke yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe. Hesabu ya watu iliyofanywa Kongo kati ya 1955 na 1957 ilionyesha ya kwamba Kivu akina mama walizaa sana. Lakini kwa Wamongo wa Équateur, na huko Uele, zilikuwapo sehemu ambamo katika kila wanawake watano waliopita umri wa kuzaa, mmoja au zaidi hakupata mtoto hata mmoja. Wazungu wengine walinena ya kwamba watu wale wamekata tamaa ya kuishi. Vijijini ulitajwa uchawi. Serikali ilimsamehe kodi mume wa mke mmoja mwenye watoto wanne, kana kwamba uzazi hununuliwa. Anatole Romaniuk, aliyezichunguza hesabu zile na kutoa kitabu mwaka 1967, alionyesha sababu kubwa: magonjwa ya zinaa, hasa kisonono. Ugonjwa huo waweza kukaa mwilini mwa mke pasipo maumivu, huku ukiziba mirija ya uzazi. Nao waweza kuziba njia ya mbegu za mume vilevile.

Sasa tazameni kazi ya lawama. Mke akifukuzwa, mahari hurudishwa, naye huolewa kwingine. Mume huoa mwingine. Hapana aliyetibiwa. Ugonjwa uliokuwa katika nyumba moja sasa u katika mbili, na huko nako huanza minong'ono. Penisilini ilipoenea, uzazi uliongezeka katika sehemu zile.

Uchunguzi wa 2013-2014 ulipata wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke wa Kongo. Kati ya majirani wenye watoto wengi hivyo, asiye naye huonekana mara moja, na mume hukataa kupimwa kwa kuwa anajiona ana nguvu. Nguvu hizo si ushahidi wa mbegu.

Akina baba, nendeni kwa daktari pamoja na wake zenu, siku ile ile, wala msikawie, maana mirija iliyokwisha kuziba haizibuliwi kwa vidonge. Mkitibiwa kisonono, mtibiwe wote wawili. Na mama mkwe akiuliza tena, mwanawe ndiye amjibu.