Kiberiti Si Baruti

Mjomba wangu wa Kyerwa ana vidole vitatu mkono wa kushoto. Viwili vilibaki shambani, usiku wa kulinda mahindi, akiwa anashindilia gobore. Hakuwa amefyatua chochote. Alishindilia tu, na ndani ya mtutu hakukuwa na baruti. Kulikuwa na vichwa vya njiti za kiberiti.

Nikisimulia haya kwa wenzangu wa shahada ya uzamili, hakosi wa kuniambia kwamba huo ni "ubunifu wa wanyonge". Kasoma mahali nadharia ya ukinzani, sasa anauona ukinzani hata kwenye bomba la maji lililofungiwa kitako cha mti. Mimi naona bomba la maji.

Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa. Hushika moto kwa cheche ndogo ya jiwe, lakini huvumilia kushindiliwa. Kichwa cha kiberiti kina klorati, na klorati iliyochanganywa na vitu viwakavyo haitaki msuguano wala kishindo. Marekani nako wapenzi wa gumegume hubishana kuhusu mbadala. Wao wanalalamika kwamba unga wa kisasa kama Pyrodex unataka joto kubwa kuliko cheche ya gumegume, hivyo bunduki huchelewa kulia au hailii kabisa. Mbadala wao ni mzito, wetu una haraka mno. Wao wanapoteza shabaha.

Halafu huo "uasilia" tunaousifia. Speke na Grant walipofika Karagwe kwa Omukama Rumanyika, Novemba 1861, wafanyabiashara wa pwani walikwisha kutangulia na bunduki zao, na Kafuro palikuwa na kituo chao. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa zisiletwe kwetu, ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya biashara. Gobore ndilo tulilobakiziwa. Anayetaka kuliita urithi aliite, ila alishindilie mwenyewe.

Najua swali linalofuata: basi mjomba anunue baruti halisi? Wapi? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na gobore la kuchongwa kijijini halina leseni. Kwa hiyo mlinzi wa mahindi anabaki na kiberiti cha dukani, na anayekuja kumnyang'anya gobore haji na chochote cha kuweka mahali pake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa, tukapiga makofi. Kanuni za kifuta jasho za 2011 zilipanga shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari iliyoharibiwa na wanyama wakali, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Aliye ndani ya mita 500 hakupangiwa kitu. Yaani aliye karibu zaidi na pori ndiye aliyeachwa nje ya hesabu.

Shamba la mjomba liko ndani ya mita hizo. Siku hizi analinda kwa kupiga debe na kuwasha moto, na nimemwambia hata wakila yote, kiberiti kiishie jikoni. Alinitazama kama mtu aliyeshiba.

Msimu huu amepanda muhogo. Nguruwe pori wanaupenda pia.