Injini Inapogonga, Iulizwe Oili Kwanza

Katika majuma machache yaliyopita wasomaji watatu wa ukurasa huu wametuletea swali ambalo kwa hakika ni moja. Mmoja ni askari polisi wa Kicukiro, wa pili ni mwanajeshi mstaafu, na wa tatu ni mama wa nyumbani anayekaa Kanombe, ambaye mume wake yuko ng'ambo katika kazi ya kulinda amani. Wote watatu wanasema kwamba gari la nyumbani limeanza kugongagonga asubuhi linapowashwa, na kwamba fundi amekwisha toa hukumu: injini imekufa, inunuliwe nyingine. Wanataka kujua kama ni kweli. Mimi siwezi kuipima injini kwa kalamu. Ninaloweza kuwaambia ni kwamba fundi anayetoa hukumu hiyo kabla ya kupima presha ya oili amehukumu bila kumsikiliza shahidi.

Mimi si fundi. Nilisomea ualimu na leo kazi yangu ni ya ofisi. Mambo haya nimeyajua kwa sababu yalinifika. Mwaka 2021 mke wangu na mimi tulinunua gari dogo lililokwisha kutumika, kwa mkopo ambao kila mwisho wa mwezi ulimega mshahara wangu kabla sijauona. Gari hilo ndilo lililowapeleka watoto shule, na ndilo lililomfikisha mama mkwe hospitali usiku wa manane. Aliyeusikia mlio kwanza ni mke wangu, ambaye alikuwa akinifungulia lango kila asubuhi. "Baba watoto," aliniambia, "gari hili linatafuna mawe." Mimi niliyekuwa ndani, vioo vimefungwa na redio ikisoma habari, sikuwa nimesikia kitu. Tangu siku ile ninaliamini sikio la mtu aliyesimama nje kuliko la dereva.

Mwanzoni mlio ulikuwa wa sekunde mbili au tatu tu, kisha injini ikatulia. Baada ya miezi kadhaa ukawa unarudi mchana, injini ikiwa na moto na gari limesimama. Tena, nikingoja katika foleni kwenye mpando wa kutoka Nyabugogo kuja mjini, taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili ilikuwa ikipepesa kidogo na kuzimika. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilinitajia bei ya injini nyingine. Ya pili ilimwaga oili na kutia nyingine nzito sana. Mlio ukapungua nami nikafurahi, lakini kabla ya mwezi kwisha ulirudi na nguvu zaidi.

Hatimaye nilimwendea mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi Gatsata, mahali ambapo kila mwenye gari wa Kigali amewahi kutafuta fundi au kipuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, hao wote walipima kwa kitu gani?"

"Kwa masikio, mzee," nikamjibu.

"Basi hawakupima."

Kabla sijaeleza alichokifanya, ni vema tufahamu kwanza safari ya oili ndani ya injini. Chini kabisa liko bakuli ambalo mafundi wetu huliita karteri. Humo pampu huvuta oili kupitia chujio la waya, ikaisukuma katika filta, na kutoka hapo ikapita katika vijia vyembamba hadi kwenye beringi za mhimili mkuu wa injini, hizo ambazo mafundi waliofundishwa kwa Kifaransa huziita kusine. Ndipo hupanda juu kwenye vali na tapeti. Injini ikiwa nzima na presha ikiwa ya kutosha, mhimili ule haugusani na beringi zake hata kidogo, kwa kuwa huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Presha ikipungua utando hukatika, na chuma hukutana na chuma. Huo ndio mgongano unaousikia.

Mkazi wa Kigali hana haja ya mfano mwingine zaidi ya bomba la maji. Msukumo wa maji ukipungua, ni nani anayekosa maji kwanza? Ni yule aliyejenga juu ya kilima. Katika injini pia, wa juu ndio wa kwanza kuona kiu: tapeti huanza kulia, na katika injini zenye cheni ya kuzungusha vali, kikaza-cheni kinachotegemea presha ya oili hulegea na cheni ikapiga kelele. Mlio mwepesi wa juu unaokwisha baada ya sekunde chache mara nyingi huwa ni onyo linalokuja mapema. Mlio mzito wa chini, kama nyundo iliyofungwa kitambaa, unaozidi unapokanyaga mafuta, huo ni wa beringi, na gari lisiendeshwe tena hata mpaka kona ya pili.

Mzee alilipasha gari moto, akafungua swichi ya oili iliyo ubavuni mwa injini, na mahali pake akafunga geji yenye mpira mrefu. Ni kazi ya muda mfupi. Akaniambia nitazame sindano mwenyewe. Injini ikiwa taratibu ilisoma 0.3, ikitetemeka, tulipoipandisha hadi mizunguko 3,000 kwa dakika ilifika 1.4 na kukataa kuendelea.

Je, tarakimu hizo ni mbaya? Kila injini ina kipimo chake katika kitabu cha gari, nacho ndicho cha kufuatwa. Kwa mfano, injini ya Toyota ya namna ya 4A-FE, iliyofungwa katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, inatakiwa isipungue kilo 0.3 kwa sentimita mraba ikiwa taratibu, na iwe kati ya 2.5 na 5 katika mizunguko 3,000. Hapo ndipo nilipoifahamu hila ya ile taa nyekundu. Katika magari mengi swichi yake huiwasha presha inaposhuka karibu na hiyo hiyo 0.3. Kwa hiyo injini inaweza kwenda barabarani na nusu ya presha inayostahili, na taa ikabaki imezimika kimya. Taa huwaka nyumba ikiwa imekwisha shika moto. Haikuambii kwamba jikoni kuna moshi.

Presha hushuka kwa sababu tatu kubwa: ama oili inayoingia katika pampu ni chache, ama inayovuja kupitia beringi zilizolika ni nyingi, ama oili yenyewe imekuwa nyepesi mno. Fundi mwenye adabu huanza na lililo rahisi. Mzee alitazama kipimo cha oili, akaifungua filta, akaigeuza na kunionyesha kwamba haikuwa na ule ulimi wa mpira unaozuia oili isirudi chini usiku. Filta za bei ya chini mara nyingine hukosa ulimi huo, na hapo injini huamka kila asubuhi koo limekauka. Kisha akaifungua karteri. Chujio la waya lilikuwa limezibwa na tope jeusi, na katika tope lile mlikuwa na nyuzi za gundi ya silikoni, rangi ya machungwa. Mtu fulani aliyewahi kuifunga karteri ile, kabla yangu au katika mikono yangu, alipaka gundi kama anayepaka siagi kwenye mkate. Iliyozidi ikaminywa ndani, ikakatika, ikavutwa na pampu.

Tulisafisha chujio, tukatia filta inayostahili na oili ya namba iliyoandikwa katika kitabu. Sindano ikasoma 0.9 na 3.4. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa kizima, kwani mzee alifungua kifuniko cha beringi moja akanionyesha mikwaruzo ambayo miezi yangu ya kupuuza ilikuwa imeichora, na beringi zile ndogo zilibidi zibadilishwe. Hata hivyo gharama yote haikufika robo ya bei ya injini niliyotajiwa, na gari hilo lingali likitembea.

Juu ya oili nzito ninayo maneno machache, kwa kuwa ndiyo dawa inayouzwa sana kando ya barabara. Oili nzito hupandisha sindano ya geji na kupunguza kelele, lakini haiondoi kitu kilichoziba chujio. Zaidi ya hayo, asubuhi hukawia kufika juu ya injini, ndipo madhara yanapoongezeka. Kama kitabu cha gari kinaruhusu namba nzito kidogo kwa nchi yenye hali ya hewa kama yetu, itumieni, msizidishe hapo. Muuzaji wa gari bovu pia huijua dawa hii. Ukienda kununua gari, mwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika, ulisikie likiwa baridi. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, huenda swichi au waya una hitilafu, na huenda taa imeondolewa kwa makusudi. Uliza kabla ya kutoa hata faranga moja.

Kupima oili ni kazi inayoweza kufanywa na mtu yeyote wa nyumbani, ila hapa kwetu ina tatizo ambalo vitabu vya nchi za tambarare havilisemi. Nyua zetu nyingi ziko kwenye mteremko, na gari lililoinama hutoa kipimo cha uongo. Lipelekeni mahali palipo sawa, zimeni injini, ngojeni dakika kumi, futeni kijiti, kichovyeni tena ndipo msome. Mimi hufanya hivyo Jumamosi ya mwisho ya mwezi baada ya umuganda, kwa kuwa siku hiyo siwezi kuisahau. Lakini gari linalokula oili lipimwe kila juma. Katika magari mengi alama ya chini na ya juu hutofautiana kwa lita moja hivi. Oili ikiwa chini ya alama, kila mpando huikimbiza upande mmoja wa karteri na kuacha mdomo wa pampu ukivuta hewa. Kuizidisha nako ni kosa: mhimili huipiga ikawa povu, na povu halina presha. Kijiti kikinuka petroli, mwageni oili hiyo na mtafute sababu, kwa kuwa imekwisha kuwa nyepesi.

Si kila mlio ni wa oili, na hili nalo liwalinde. Bati la kukinga joto la bomba la moshi likilegea huchachatika vibaya sana, na dawa yake ni boliti. Mlio kama njugu unaotokea tu unapopanda kilima kwa gia kubwa, huku umekanyaga mafuta kwa nguvu, kwa kawaida hutokana na jinsi petroli inavyowaka. Rudisha gia ndogo uone kama utanyamaza.

Taa nyekundu ikiwaka na kubaki inawaka mkiwa njiani, msijaribu kufika kituo cha petroli kinachoonekana mbele. Beringi zisizo na oili huharibika kwa muda mfupi sana. Lakini msizime injini gari likiwa bado linateremka, kwa maana breki zitahitaji nguvu nyingi na usukani utakuwa mzito. Pelekeni gari pembeni, lisimame kabisa, vuteni breki ya mkono, ndipo mzime na kuweka jiwe nyuma au mbele ya gurudumu. Madereva wa magari ya serikali nao wasiogope kuandika katika daftari la gari kwamba wameiona taa hiyo; aliyeandika ana ushahidi kwamba alisimama.

Sasa nimrudie mama wa Kanombe, ambaye barua yake inasema kwamba fundi anataka nusu ya fedha za injini kabla ya mwisho wa juma, na kwamba simu ya mume wake haipatikani kila siku. Mama, usitoe fedha hizo bado, na gari lisiondoke nyumbani. Lipimeni oili mahali tambarare. Kisha mwite fundi aje na geji yake, apime injini ikiwa na moto, nawe uandike tarakimu mbili, ya injini ikiwa taratibu na ya mizunguko 3,000, uzilinganishe na za kitabu. Zikiwa sawa na za kitabu, mlio unatoka kwingine. Zikiwa chini, mwambie kwamba karteri itafunguliwa mbele yako, na kwamba unataka kuliona chujio la waya kwa macho yako kabla hajalisafisha. Kama hana geji, au hataki uwepo, tafuta fundi mwingine.