Kifafa hakiambukizi, na dawa yake isikatwe njiani

BUKAVU – Huko Kadutu, Bagira na Panzi, mtoto akianguka kifafa, bado kuna watu wanaokimbia. Wengine wanaogopa povu lake, wengine wanataja uchawi. Kwa familia zilizohama vita mzigo ni mara mbili, kwani aliyewapokea akiingiwa na hofu anaweza kuwafukuza wote.

Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 1938, huko Boston, Marekani, madaktari Merritt na Putnam walitangaza dawa ya fenitoini. Kwanza waliijaribu kwa paka: waliwapitishia umeme kichwani mpaka wakatetemeka kama mgonjwa wa kifafa, kisha wakatafuta dawa ya kuzuia hali hiyo. Hakuna aliyewaroga paka wale. Ubongo wa kila kiumbe unafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Ukivurugika, mwili unaanguka. Mate ya mgonjwa hayana kosa lolote.

Kweli, paka si mtu, na si kila dawa inayomfaa mnyama inamfaa binadamu. Lakini fenitoini ilimfaa, na mpaka leo inatumika. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema wagonjwa hadi 70 kwa 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitunzwa vizuri. Gardenal, yaani fenobarbitali, nayo ni dawa ya bei ndogo.

Shida ni kuikosa. Tangu M23 iingie Bukavu, Februari 2025, wakaaji wengi wamejua maana ya kukimbia ghafula. Anayekimbia usiku anabeba mtoto na godoro. Vidonge vinabaki mezani. Kumbe dawa ya kifafa ikikatwa ghafula, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo, hata kufa.

Kwa hiyo mashirika yanayowapa wahami turubai na unga yaulize pia: nani hapa anakunywa dawa ya kifafa? Vituo vya afya viwape wagonjwa akiba, wasihesabu siku moja moja. Wachungaji na mapadri waombee wagonjwa, lakini wasiwaambie waache vidonge.

Majirani nao wana kazi. Mtu akianguka, mwondoeni karibu na moto, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Asipotulia baada ya dakika tano, mpelekeni kwa muganga haraka. Kukimbia hakumsaidii mtu.