Harufu ya kibuyu cha babu ni mali, usiicheke

Likizo ijayo ukifika ushago, iwe ni Runyenjes au Nkubu, mwombe mzee akueleze muratina inavyotengenezwa. Huhitaji kuonja. Nusa tu. Utapata asali, halafu kitu kama ndizi mbivu, ilhali hakuna aliyetia ndizi humo.

Hiyo ndizi imetoka wapi? Kwa kuvu, bro. Tunda kavu la mwegea linalotumbukizwa kwenye maji ya asali au ya miwa lina hamira iliyojificha katika nyuzi zake. Hamira ni aina ya kuvu. Ikila sukari, hutoa kileo na gesi, na pia chembechembe za harufu: nyingine hunukia ndizi, nyingine waridi. Kazi ikiisha, tunda huanikwa na kuwekwa hadi safari nyingine. Wazee wetu wamefuga kuvu kwa vizazi, na hawakuwahi kuingia maabara.

Usidhani haya ni mambo ya kijijini. Kuna viwanda ng'ambo vinavyofuga kuvu kwenye matangi makubwa ili kuvuna harufu. Hamira iitwayo Yarrowia hulishwa mafuta ya mbarika, ikatoa harufu ya pichi. Kuvu ya udongoni, Trichoderma, hutoa harufu ya nazi. Sheria za Ulaya huruhusu harufu ya namna hii kuitwa ya asili. Mbarika huo huo unajiotea Mbeere, nasi tunaufyeka kama magugu.

Utaniambia pombe imemaliza vijana wa Mlimani. Ni kweli, na sikutumi ukanywe. Hamira ikishatenganishwa na pombe inaweza kujaribiwa kwenye mkate, kwenye sharubati, hata kwenye kahawa. Pale kiwanda cha kahawa cha ushirika, buni iliyomenywa hulazwa tangini ili hamira na bakteria ziule ule utelezi, na namna kazi hiyo inavyofanyika hugusa ladha ya kikombe. Embu na Meru zina matangi hayo tayari.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Watafiti waliwahi kuchukua vijidudu kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, na kampuni ya kigeni ikapata humo kimeng'enya cha kufifisha jinzi. Ndiyo, jinzi kama hiyo uliyovaa. Kufikia 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilikuwa likidai mgao. Mtoto akishabatizwa jina la mwingine, kudai ni kwako ni kazi ngumu.

Hamira ya mwegea isipitie njia hiyo. Tuna Chuo Kikuu cha Embu, tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na tuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya kijadi. Wewe unayesomea baiolojia au kemia na unahangaika kutafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, acha kunakili ya mwaka jana. Nenda kwa babu, omba ruhusa, chukua kipande cha tunda, ikuze hamira yake, uandike imetoka kwa nani na wapi. Nazo kaunti zifungue rejista ya maarifa haya na kulipia kazi hiyo, badala ya kutuita vijana kwenye semina za soda na mandazi.

Wazee wanaondoka. Tunda lisipolowekwa tena, hamira yake nayo inakufa.