Kioo cha gari kikigoma, pima kwanza ndipo ununue mashine

MFANYABIASHARA anayepakia mahindi Nyangoto kwenda Tarime mjini anaijua adha ya kioo cha mlango kilichogoma kupanda.

Masika maji yanaingia na kulowesha mzigo. Kiangazi vumbi linajaa kwenye viti na abiria wanalalamika. Usiku hawezi kuliacha gari nje na magunia ndani, kwa sababu mlango uliofungwa kwa ufunguo huku kioo kiko chini haumzuii mwizi.

Anakimbilia gereji, na mara nyingi jibu ni moja: nunua mashine nzima ya kioo. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo, likitolewa kabla ya kupima, linaweza kumgharimu zaidi kuliko ubovu wenyewe.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, Nyangoto na eneo zima la Nyamongo limekuwa soko la chakula, mifugo na bidhaa za dukani. Mzigo mwingi mdogo unabebwa na magari ya mtumba kutoka Japani, nchi ambayo magari yake yana usukani kulia kama yetu.

Magari hayo yanazeeka. Toyota Probox, kwa mfano, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Zile za mwanzo zimeshapita miaka 20, na sehemu zake za plastiki na mpira zimezeeka pamoja nazo.

Sera nazo zina mchango. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania haijafunga mlango, bali inatoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu.

Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, matokeo yake ni kwamba gari la kubadilisha linakuwa ghali, hivyo analishikilia alilonalo. Matengenezo yanakuwa gharama ya uzalishaji kama ilivyo mbolea au dawa ya mifugo, na yanapaswa kupigiwa hesabu vivyo hivyo.

Kinachoharibika ni nini?

Kioo cha umeme kina sehemu chache: fyuzi, swichi, waya, mota, na mashine yenyewe, yaani kebo au mikono ya chuma inayobeba kioo. Kioo hupita katika reli zenye mpira. Ubovu wa kila sehemu una dalili zake.

Vioo vyote vikigoma kwa pamoja, anza na fyuzi, kisha swichi kuu ya mlango wa dereva. Angalia pia kama kitufe cha kufungia vioo vya abiria hakijabonyezwa.

Kioo kimoja kikigoma na mota haitoi sauti, mshukiwe ni swichi, waya au mota. Waya hukatika sana pale zinapopita kwenye mpira kati ya mlango na bodi, kwa sababu hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Fundi mwenye taa ya kupimia anajua kwa muda mfupi kama umeme unafika kwenye mota.

Mota ikilia lakini kioo hakisogei, hapo ndipo kebo imekatika au meno yamelika. Mashine inahusika.

Kioo kikipanda polepole, reli huwa imejaa vumbi au mpira umekauka. Mota inalazimika kuvuta mzigo mzito, inapata moto na kujizima. Ukibadilisha mota bila kusafisha reli, mpya nayo utaiua. Safisha kwa kitambaa chenye maji, kisha paka silikoni. Usipake grisi wala oili, kwa kuwa hunasa vumbi na kuharibu mpira.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa namba, ambao si bei ya soko. Gari linaingiza faida ya sh 40,000 kwa siku. Mashine ya mtumba ni sh 80,000, nauli ya kuifuata Mwanza na kurudi sh 30,000, ufundi sh 20,000. Gari likisimama siku mbili, unapoteza sh 80,000 nyingine. Jumla ni sh 210,000.

Kama ubovu ulikuwa waya uliokatika, fundi analipwa sh 20,000 na gari linasimama nusu siku. Jumla ni sh 40,000. Tofauti ya sh 170,000 ndiyo thamani ya kupima kwanza.

Hata pale mashine inapohitajika kweli, usilisimamishe gari kuisubiri. Mwambie fundi akipandishe kioo kwa mkono, akikaze kwa kipande cha mbao ndani ya mlango, na gari liendelee na kazi. Gharama inashuka hadi sh 130,000.

Ukienda kununua, beba mashine ya zamani kama mlango unaweza kubaki bila hiyo, la sivyo andika namba ya modeli ya gari. Mashine ya kulia haiingii kushoto, wala ya mbele haiingii nyuma. Ijaribu kwa betri kabla ya kulipa. Kumbuka kuwa ya mtumba huenda ina umri sawa na yako: unaweza kuwa unanunua uzee wa gari jingine.

Tahadhari

Kabla ya kufungua chochote, betri itolewe waya na kioo kifungwe kwa utepe imara juu ya mlango ili kisidondoke. Mashine ya mikono ina springi yenye nguvu. Mota ikitolewa bila kuibana, mikono inaweza kuruka na kukata vidole.

Kazi ikiisha, hakikisha nailoni iliyo nyuma ya kava la mlango imerudishwa na matundu ya chini ya mlango yamezibuliwa tope. Bila hivyo maji yatakaa ndani na mlango utaoza.

Wenye magari ya aina moja katika Nyangoto wanaweza kwenda hatua moja mbele: wachangie swichi na mashine moja ya akiba kwa mlango wa dereva, ambao kioo chake hutumika kuliko vingine. Atakayeichukua analipa, na fedha inanunua nyingine. Wakifanya hivyo kabla ya masika, mahindi hayatalowa kwa sababu ya spea iliyoko Mwanza.